Upande wa Kushoto wa Yusufu Nalinga

Yusufu Nalinga alikiri kabla hajaulizwa swali. Inspekta Rozalia Mapunda alikuwa bado anavuta kiti.

"Andika, afande," alisema. "Niliingia bandani kwa Dickson na panga. Nilikwenda kuzima moshi."

"Moshi gani?"

"Wa matairi. Wanachoma matairi ili niharibikiwe akili. Wako watatu mle ndani. Nimewasikia wakitaja siku yangu ya kufa."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mwalimu anayeita majina ya wanafunzi. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja tu: kusoma nguzo ya kupimia kina cha maji ya Ruvuma, asubuhi na jioni, na kuandika namba aliyoiona. Kule Mnalunga, kitongoji kilicho jirani na kivuko cha Kilambo, walimwita Bwana Vipimo. Hakuwa amewahi kukanyaga kituo cha polisi. Sasa jirani yake, Dickson Mkumba, alikuwa amelazwa hospitali na jeraha la panga begani, na juu ya jalada palikuwa pameandikwa kosa la kujaribu kuua.

Rozalia alimwekea kikombe cha chai mezani, kisha akaandika maelezo yake ukurasa mzima. Chai ikaanza kupoa.

"Kunywa chai, Mzee Yusufu."

Yusufu aliitazama meza. "Ipi?"

"Hiyo mbele yako."

Akapapasa upande wa kulia, akagusa kalamu, akagusa jalada. "Usinifanyie mzaha, mwanangu. Hapa hakuna chai."

Kikombe kilikuwa sentimita thelathini tu kutoka mkono wake wa kushoto. Rozalia alikishika kwa vidole viwili, akaanza kukisukuma polepole kuelekea kulia. Kilipovuka katikati ya meza, uso wa Yusufu ukachangamka.

"Ahsante," alisema, akakichukua. "Sasa ndiyo umeleta."

*

Mrakibu Joshua Kihwele, mkuu wa upelelezi, alisoma maelezo yale akiwa amesimama.

"Mtuhumiwa amekiri. Panga tunalo. Majeruhi anamtaja. Sababu ipo pia, mtendaji wa kijiji anasema waligombania mpaka wa shamba, mikorosho mitatu. Unatafuta nini tena, Rozalia?"

"Hakuiona chai, afande."

"Hakuona nini?"

Akamweleza. Joshua alimsikiliza hadi mwisho, kwani alikuwa na tabia hiyo njema, kisha akatikisa kichwa.

"Wengine huigiza wazimu wakishafika hapa."

"Anayeigiza wazimu huongeza vituko. Huyu hajui kama kuna kitu hakioni. Nilipokisogeza kikombe alinishukuru."

"Keshokutwa saa nne anafikishwa mahakamani. Mpaka hapo jalada ni lako."

*

Rozalia alifika Mnalunga saa tano asubuhi, akaanzia kwenye banda la korosho la Dickson. Lilikuwa banda la nguzo sita na paa la bati, pande zote wazi, na ndani yake jiko la matofali la kukaangia korosho kabla ya kubanguliwa. Mtu akikaanga korosho, mafuta ya maganda huwaka na moshi wake hukereketa koo. Kwa hiyo jambo la kwanza alilolitaka ni kujua kama siku ile ya tukio, Jumamosi saa kumi jioni, jiko lilikuwa linawaka.

Aliinama, akachungulia ndani ya jiko. Kuku mwekundu alimkodolea macho. Alikuwa anaatamia.

Asia, mke wa Yusufu, alikuwa amesimama nyuma yake, kitenge kimefungwa kifuani, mikono imekosa pa kukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mume wangu amekula?"

"Amekula. Huyu kuku ameanza kuatamia lini?"

"Wiki mbili kasorobo. Pendo, mke wa Dickson, alimwekea mayai kumi hapo kwa sababu korosho za mwaka huu bado hawajaanza kukaanga."

Rozalia aliandika. Wiki mbili bila moto, na Yusufu alikuja kuzima moshi.

Kisha akaenda kwenye nguzo ya mbele, ile ya kulia unapoingia. Ilikuwa na mikato minne mipya, yote usawa wa kifua, yote imeingia ndani sana. Vipande vya mti vilikuwa bado chini. Doa la damu lilikuwa mahali pengine kabisa, hatua moja na nusu kushoto kwa nguzo. Alipima umbali kwa futi kamba, akapiga picha, akachora. Mtu aliyekuja kuua alikuwa ameikata nguzo mara nne na jirani mara moja tu.

"Mama Zuhura," alimwita Asia kwa jina la binti yake, kama walivyomwita wote pale, "mikorosho mitatu mliyogombania iko wapi?"

Asia alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza. "Tuligawana mwaka juzi. Mmoja wetu, mmoja wao, wa katikati anaokota anayewahi kuamka. Siku ile tulikula pilau pamoja. Nani bado anaisema hiyo?"

"Mtendaji."

"Mtendaji hakualikwa."

Walikaa kwenye kibaraza cha nyumba ya Yusufu. Asia alieleza bila kuruka kitu. Tangu mwezi wa nne mumewe aliamka na kichwa kinamgonga, akatapika, halafu kikatulia. Mwezi wa sita akaanza kugonga miimo ya milango, siku zote bega la kushoto. Akala nusu ya sahani na kulalamika kwamba amepunjwa. Mwezi wa nane akaanza kunusa moto. Mwezi wa tisa zikaja sauti, na mtu ambaye hajawahi kugombana na yeyote akaanza kuwalaani majirani.

"Mlimpeleka wapi?"

"Kwa shehe kwanza. Alimsomea siku tatu, hakutaka chochote. Siku ya tatu akaniita pembeni, akasema: 'Mama Zuhura, dua sitaacha, lakini mumeo nikimpa mkono kutoka kushoto hanioni. Hilo la hospitali. Mpeleke.' Tulipanga kwenda Jumatatu." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Jumamosi ndiyo yakatokea."

"Mama, anaandika wapi vipimo vyake?"

Asia aliingia ndani, akatoka na madaftari mawili makubwa yaliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Rozalia alifungua lile la mwaka huu. Januari, Februari, Machi: tarehe, saa, kina cha maji, sahihi. Mwandiko ulikuwa wa kupendeza, namba zimenyooka kama zimepangwa kwa rula. Mwezi wa tano, safu ya tarehe ilisogea kidogo kutoka ukingoni. Mwezi wa saba ilianza robo ya ukurasa. Mwezi wa kumi, maandishi yote yalikuwa yamebanana nusu ya kulia, na nusu ya kushoto ilikuwa nyeupe, ukurasa baada ya ukurasa.

Na chini ya vipimo vya maji palikuwa na vipimo vingine.

*Harufu ya mpira kuungua. Imeanza saa 4:10, imekwisha saa 4:12. Niko mtoni peke yangu. Hakuna moto.*

*Harufu. Saa 9:31 hadi 9:33. Nimemuuliza Asia, hasikii. Baada yake ulimi mzito.*

*Harufu. Niko msikitini. Nimewauliza watu wanne. Hawasikii. Kwa hiyo ni mimi.*

Rozalia alisoma sentensi hiyo ya mwisho mara mbili. Ilikuwa ya tarehe ishirini na nne mwezi wa nane. Kuanzia mwezi wa tisa maneno yalibadilika, akaingia Dickson, yakaingia matairi, wakaingia wale watatu. Lakini saa ya kuanza na saa ya kwisha hazikukosekana hata mara moja. Alihesabu: mara sitini na moja.

"Mama," alisema, "naomba kuondoka na haya. Nitakuandikia hati."

"Yachukue. Yeye mwenyewe aliniambia, wakati bado ana akili yake: nikizidiwa, mpe daktari hili daftari."

*

Dickson Mkumba alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa kifuani. Alikuwa mtu wa Masasi, mnene, na hasira zake zilikuwa bado moto.

"Niulize unavyotaka, afande. Aliniona, akanipiga panga. Miaka kumi na mmoja ya ujirani!"

"Ulimkuta anafanya nini?"

"Anakata nguzo yangu. Anasema 'tokeni, tokeni'. Nikaja mbio kumshika."

"Ulitokea upande gani wake?"

Dickson alifumba macho, akaonyesha kwa mkono mzima. "Yeye anaitazama nguzo. Mimi nimetoka nyumbani kwangu, kwa hiyo kushoto kwake."

"Ulimwita?"

"Nilimwita! 'Jirani, jirani, vipi?' Nilikuwa karibu hivi." Akapima kwa kiganja. "Akageuka kulia. Ananitafuta kulia. Nikasema moyoni, huyu ananidharau? Nikamshika mkono. Hapo ndipo akarusha panga nyuma bila kutazama."

"Bila kutazama?"

"Uso wake ulikuwa kule." Dickson alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe. "Afande, uso wake ulikuwa kule."

*

Tabibu Mwanahawa Chitanda wa kitengo cha afya ya akili alikuwa mwanamke mfupi, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Rozalia alimletea Yusufu na askari mmoja saa nane mchana. Mwanahawa hakugusa jalada la polisi. Alitaka daftari tu, akalisoma dakika ishirini, wote wakimngoja.

Kisha akakaa mbele ya Yusufu, magoti yakikaribia kugusana.

"Shikamoo, kaka. Nitazame pua, usinitazame mikono. Vidole vingapi?"

"Viwili."

Akahamisha mkono upande wa pili. "Na hapa?"

"Bado hujaweka."

Vidole vinne vilikuwa vimenyooshwa wazi. Mwanahawa alirudia juu, katikati, chini. Akampa kalamu achore saa ya ukutani. Yusufu akachora duara zuri, akaziweka namba zote kumi na mbili upande wa kulia. Mwishowe akachukua kifaa chenye taa ndogo, akayachungulia macho yake kwa muda mrefu, moja baada ya lingine. Aliponyoosha mgongo, uso wake ulikuwa umebadilika.

Alimvuta Rozalia dirishani.

"Nimetibu mamia ya watu wanaosikia sauti. Wengi wao, ukipiga picha ya kichwa, huoni kitu, na maradhi yao ni ya kweli vilevile. Lakini kuna mambo yakitokea pamoja huwa silali. Mtu mtulivu, ukoo wake hauna maradhi haya, anaanza akiwa na miaka hamsini na miwili. Kichwa na kutapika alfajiri. Haoni kushoto. Na hii harufu." Akaligonga daftari kwa kidole. "Dakika mbili, inakuja, inakwenda, ulimi unakuwa mzito. Hicho ni kifafa, Inspekta. Kifafa kisichoangusha mtu. Kinatoka sehemu moja ya ubongo, na yeye amekipima mara sitini na moja. Mimi na shahada yangu nisingeweza kuandika historia ya mgonjwa kama hii."

"Kuna nini humo ndani?"

"Siwezi kusema kabla ya picha. Ila nyuma ya macho yake pamevimba. Kichwani kuna shinikizo. Ukimpeleka mahabusu akakaa miezi akisubiri kesi, hutakuwa na mtuhumiwa."

Rozalia alipiga simu pale pale. Joshua alimsikiliza, kisha akauliza:

"Na picha ikitoka safi?"

"Nitamfikisha mahakamani mwenyewe, afande, na nitakuandikia kwa nini nilikupotezea muda."

"Kesho asubuhi mapema. Nitakuja na mimi."

*

Katika hospitali ya kanda, Elia, mtaalamu wa mionzi, alikuwa amefika kabla ya zamu yake. Alikuwa kijana wa maneno machache. Alimweleza Yusufu kila kitu kabla ya kukifanya: utalala hapa, meza itaingia kwenye hili duara, itanguruma, haitakugusa. Kisha tutakudunga dawa mshipani, utahisi joto mwilini, ni kawaida.

"Inapima nini?" aliuliza Yusufu.

"Inakata picha za kichwa, vipande vipande, kama mkate. Kila kipande milimita chache."

"Milimita ngapi?"

"Tatu."

Yusufu alitikisa kichwa kwa kuridhika, akalala.

Nyuma ya kioo walisimama wanne: Elia kwenye kiti, Mwanahawa, Rozalia, na Joshua aliyekuja na karatasi za mahakama mkononi. Picha zilianza kupita kwenye skrini, za kijivu, kutoka chini ya fuvu kwenda juu. Rozalia hakujua atazame wapi. Kisha Elia akaingia ndani, akamdunga dawa, akarudi na kupiga tena, na safari hii hakuhitaji kuelezwa. Upande mmoja wa skrini palitokea kitu cheupe, cha mviringo, kingo zake safi, ukubwa wa limau. Kilikuwa kimeusukuma ubongo hadi mstari wa katikati ukapinda.

"Lakini hiyo ni kushoto," alisema Joshua.

"Ni kulia kwake, mkuu," alijibu Elia. "Tunamtazama kama amelala, miguu kwetu. Kulia kwake ni kushoto kwetu."

"Na ubongo wa kulia ndio unaoona kushoto," alisema Mwanahawa. Alikuwa amevaa miwani yake na uso wake ulikuwa karibu kugusa skrini. "Tazameni. Hapa inapitia njia ya macho. Hapa pananusa. Hapa pana kumbukumbu na hofu. Yote aliyoyaandika yako hapa." Akageuka. "Elia, umeona kingo?"

"Nimeona. Uvimbe umeshikamana na utando wa juu unaofunika ubongo. Haukuzaliwa ndani ya ubongo wenyewe. Nawatumia picha madaktari wa upasuaji Dar sasa hivi, watuambie. Ila kama ndio ninaoudhani, mara nyingi unatoka wote."

Joshua aliivua kofia yake. Alitazama lile limau jeupe, akamtazama kupitia kioo mtu aliyelala ndani ya duara, mikono imekunjwa kifuani, akihesabu kitu kwa midomo.

"Kikombe cha chai," alisema. Akazikunja karatasi za mahakama mara mbili, akazitia mfukoni. "Nitazungumza na wakili wa serikali. Wewe, Rozalia, tafuta namna ya kumfikisha Dar kabla ya Ijumaa."

"Akiwa chini ya ulinzi?"

"Chini ya ulinzi. Mkewe naye aende. Asia si ndiye anayejua hadithi yote?"

*

Wiki nne baadaye Rozalia alipanda basi kwenda Dar es Salaam akiwa na jalada lile lile. Wakili wa serikali alikuwa amesoma ripoti ya Mwanahawa, picha za Elia, mchoro wa banda na maelezo mapya ya Dickson. Alisema anahitaji karatasi moja tu zaidi: maelezo ya pili ya mtuhumiwa, akiwa na akili timamu. Yakikubaliana na ya madaktari, shtaka litaondolewa.

Yusufu alikuwa ameketi kitandani, kichwa kimenyolewa. Kovu jekundu lilianzia juu ya sikio la kulia na kupinda hadi kwenye paji la uso. Alimwona Rozalia tangu mlangoni. Asia alisimama kumpisha kiti.

"Sauti?" aliuliza Rozalia.

"Zilinyamaza siku ya tatu baada ya upasuaji. Harufu haijarudi. Kichwa hakiumi. Inspekta, wamenieleza. Asia amenieleza. Nakumbuka moshi. Nakumbuka naikata nguzo, nikiamini ni mtu. Dickson simkumbuki kabisa. Nimejaribu kila siku, simwoni."

"Hukuweza kumwona. Madaktari wameandika hivyo, na alama za bandani zinasema hivyo. Hili ndilo wakili anataka kulisikia kutoka kwako."

"Andika basi." Aliusubiri mkono wa Rozalia ushike kalamu. "Andika kwamba sikumwona. Na andika kwamba uvimbe ulikuwa kichwani mwangu, lakini mkono ulikuwa wangu. Yote mawili. Usiandike moja ukaacha jingine."

"La pili halihitajiki kisheria, Mzee Yusufu."

"Mimi nalihitaji. Nikitoka hapa, kabla sijafika kwangu, nitapita kwake. Akinifukuza, ana haki."

Rozalia aliandika sentensi zote mbili kama zilivyosemwa. Alipomaliza alilifunga jalada, lakini hakumpa asaini.

"Hutapita kwake," alisema. "Dickson yuko koridoni. Tulikuja basi moja."

Asia aliufungua mlango. Dickson aliingia, mkono bado umening'inia kwenye kitambaa, amevaa shati la kanisani. Yusufu alitaka kuteremka kitandani.

"Kaa, kaa," alisema Dickson. "Mmoja wetu lazima awe mzima."

Walitazamana. Dickson akavuta kiti kwa mkono wake mmoja, akaketi, akakikagua kile kichwa kilichonyolewa kama anayekagua korosho za daraja la kwanza.

"Mimi walinishona nyuzi ishirini na nne," alisema. "Wewe?"

"Thelathini na moja," alijibu Yusufu. "Nilizihesabu wakati wanazitoa."

"Umenishinda, jirani."

Yusufu alianza kulia, na Dickson akamwekea mkono wake mzima begani. Rozalia alichukua jalada lake, akatoka koridoni, akakaa kwenye benchi kusubiri sahihi.